Mistari Iliyopinda ya Kikapu Changu

Akina mama wenzangu wa kikundi chetu cha Mraru, mmeniomba niseme, basi leo mtanisikiliza mpaka mwisho, hata pale patakapowauma.

Mnajua nilipasuliwa kutolewa mawe ya nyongo. Nilidungwa dawa ya usingizi nikiwa na akili zangu, nikaamka siwajui watoto wangu. Niliona siafu ukutani. Nikang'oa dripu. Daktari alituambia wazi, "Ubongo wa wengine huchelewa kuamka. Mpeni miwani yake, fungueni pazia, mwongelesheni mambo ya nyumbani. Atarudi, lakini polepole."

Shemeji yangu Mwadime aliyasikia hayo. Tulipofika nyumbani akanifungia chumba cha giza, eti nina mapepo. Miwani akaitupa juu ya kabati. "Kichaa anataka kuona nini?" Ndugu zangu, nawaambia, kichwa kilikuwa kimevurugika lakini masikio yalikuwa mazima. Sijamsamehe. Mchungaji anasema nijaribu. Najaribu.

Aliyenitoa ni jirani yangu Wakesho, yule pale. Alisimama mlangoni akamwambia, "Shemeji, kama ni mapepo, jua litayachoma. Hebu nipishe!" Akanivisha miwani, akanikalisha barazani, akanipa kikapu nilichokiacha nusu nilipoenda hospitali.

Kusuka nimeanza nikiwa mtoto. Nyuzi nyeusi mbili, nyekundu moja, mkono unaenda wenyewe. Siku hiyo vidole viligoma. Nikishika nyekundu, nimesahau nyeusi. Nililia mpaka nikalala.

Lakini kila nikiamka, mistari imenyooka! Nikasema, nimepona. Nikatoka peke yangu kwenda sokoni Voi. Kurudi, nikasimama njia panda ya Kaloleni, nyumbani sikujui. Nikamuuliza mtu wa bodaboda kama anajua kwangu. Akacheka: "Mama, si ni mimi nilikubeba asubuhi?" Kisha akaniangalia vizuri, kicheko kikaisha. Akanirudisha, hakuitisha nauli. Huyo kijana Mungu ambariki.

Jioni nikakipapasa kile kikapu. Katani ilikuwa imekazwa sana. Mimi huwa sikazi hivyo. Haikuwa kazi ya mkono wangu.

Mama Mwake, wewe uliyekuwa ukija na Wakesho kuniangalia, usiangalie chini. Na wewe Wakesho. Mlikuwa mnafumua makosa yangu nikilala, mnanisukia upya. Nilipowauliza mlisema nini?

"Tulikuonea huruma, dada. Hukujiona ulivyokuwa ukilia."

Nikapiga kelele barazani mpaka kuku wakakimbia. Niachieni makosa yangu! Mkiyaondoa, nitajuaje nimefika wapi? Nimepotea njia ya kwangu kwa sababu kikapu kilinidanganya!

Mliniachia. Hapo ndipo nilipoanza kurudi kweli. Mistari yenu niliifumua yote. Shikeni, mpitishiane. Chini ni kabla ya hospitali. Katikati pamepinda, hapo nilikuwa sijui hata siku. Juu pamenyooka tena, na mkono ni wangu. Mzungu mmoja alikitaka, nikamwambia hiki hakiuzwi.

Asanteni. Wakesho, asante kuliko wote, ingawa ulinikasirisha. Mgonjwa akitoka thieta, kule kupasuliwa, amepotea, mwekeni kwenye mwanga, mwongelesheni, mpeni kazi aliyoizoea, na akikosea mwacheni aone.

Sasa Mwadime anapasuliwa ngiri wiki ijayo. Hana mke wa kukaa kando ya kitanda chake. Nitaenda mimi. Nitafungua pazia, na miwani yake nitamvisha kwa mkono huu.