Ndizi za Mzee Magesa

Tangu basi litoke Uyole, Mbuke alikuwa akiwasikiliza abiria wawili wa kiti cha mbele yake, Mzee Magesa na Mama Kalista. Mzee Magesa alikuwa anakwenda Iringa kupimwa uzito. Asipopungua, daktari hatampasua ngiri.

"Sukari nimeacha kabisa, mama," alisema akimenya ndizi. "Hata chai nakunywa chungu kama kwinini."

Ganda la saba likaangukia miguuni pa Mbuke.

"Na hizo ndizi, baba, zina chumvi?" aliuliza Mama Kalista.

"Hii sukari kaitia Mungu. Hainenepeshi."

"Na tumbo lako linajuaje nani kaitia?"

Basi likasimama Iringa. Mzee akazila harakaharaka ndizi mbili zilizobaki. "Nikipanda nazo kwenye mizani," alieleza, "zitaniongezea uzito."