Niliowakana Ndio Walionitoa Wadini

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenibakisha hai mpaka nikakiri haya kwa mkono wangu.

Miaka mingi mimi ndiye niliyewasemea watu wa mtaa wetu wa chini hapa Ibra, Omani, sisi tuliorudi kutoka Unguja. Nyumba zetu zimepakana na wadi, lile bonde la mawe linalojaa maji mvua ikinyesha milimani. Nilizunguka maofisini na barua, nikiomba tujengewe ukuta. Watu wakaona nafaa, wakanipigia kura, nikaingia baraza la manispaa.

Humo, ndugu zangu, nikaona haya kuitwa Mzanzibari. Siku ya kuamua mtaa gani upewe ukuta kwanza, nilinyamaza, ukapewa mtaa mwingine. Bi Zuwena, jirani aliyenilea, akanifuata mlangoni, akanisalimia kwa Kiswahili mbele ya wenzangu. Nikamjibu kwa Kiarabu kwamba simfahamu. Akageuka, akaondoka.

Mwaka haukwisha. Nilikuwa narudi kutoka mkutanoni Nizwa, nikakuta wadi yetu imejaa. Wengine walisimamisha magari, wakangoja maji yapungue. Mimi, mheshimiwa, ningengojaje? Nikaingia. Maji yakalibeba gari kama kopo mpaka kwenye nyumba za mtaa wetu! Kiarabu changu chote kikapotea, nikalia kwa Kiswahili kitupu.

Wana wawili wa Bi Zuwena, watu wazima, walikuwa ndiyo kwanza wamempandisha mama yao juu ya paa. Wakajifunga kamba, wakanitoa kwa dirisha la gari. Wakanipandisha paani kwa mama yao. Chini yetu magodoro yake yalikuwa yanaelea! 

Bi Zuwena akanitupia kanga kavu.

"Jifunike, sheikh. Unanifahamu sasa?"

 Nililia tu.

Kikao kilichofuata nilisimama nikasema natoka wapi, na kwamba nilinyamaza nilipotakiwa kusema. Hakuna aliyenicheka, ndugu zangu. Huyo wa kunicheka niliyemwogopa siku zote hakuwapo kamwe! Ukuta wa mtaa wetu umeshaanza kujengwa. Lakini nyumba ya Bi Zuwena ilianguka; sasa anaishi mji wa Sur kwa bintiye. Amenisamehe. Mimi bado sijaweza kujisamehe.

Namshukuru Mola aliyenipa muda wa kutubu. Nawe unayesoma, kama kuna watu wako unaowaonea haya, mtegemee Mungu, urudi kwao leo, nyumba zao zikiwa bado zimesimama.