Jiwe la Sebuleni

Benchi letu limeegemea ukuta wa sebule yangu, chini kidogo ya dirisha, kwa hiyo kila linalosemwa pale nalisikia hata nisipotaka. Wanaokaa pale Jumamosi asubuhi ni wanne. Mzee Birika anauza kahawa kutoka kwenye jiko la mkaa ambalo mguu wake mmoja ulivunjika, mahali pake pakawekwa jiwe. Brashi ni fundi rangi. Afande ni mlinzi wa mapokezi kwenye jengo refu la ofisi. Shangazi Pazia anashona mapazia. Mimi wananiita Mama Kimya, kwa sababu naweka kigoda mlangoni, nampakata mwanangu, nasikiliza tu. Jumamosi hiyo waliacha kujadili mambo ya dunia wakaishika nyumba yangu. Mama mkwe alikuwa anakuja saa sita. Alimwambia mume wangu kwenye simu: "Nataka nione anapolelewa mjukuu wangu. Nisipopapenda, narudi naye." Mume wangu yuko safarini na lori. Kabla hajaondoka alimwomba rafiki yake Brashi anisaidie chumba chetu na sebule vionekane vya watu wenye nafasi, kwa pesa kidogo iliyopo. Brashi akalileta jambo zima kijiweni.

Brashi: Shemeji, tuanze na ukuta. Huu ni weupe wa kimaskini.

Shangazi Pazia: Kwani kuna weupe wa kitajiri?

Brashi: Upo, nimeupaka kwa mkono wangu. Kopo ni lile lile, ila tajiri anauita "pumzi ya alfajiri". Ukishapewa jina, mgeni anaingia anaongea kwa sauti ya chini.

Afande: Basi usipake kitu. Upe jina huu uliopo, tuokoe pesa.

Brashi: Wewe kaa na filimbi yako.

Nilitaka kuwaambia kwamba mwenye nyumba amekataza rangi, na misumari pia.  Bahati nzuri Mzee Birika alinisemea.

Mzee Birika: Mwenye nyumba akiona tone la rangi, huyu binti analala nje. Mnamtafutia ukuu au mnamtafutia pa kulala?

Shangazi Pazia: Ndiyo maana nasema pazia. Pazia halipaki, halitoboi. Ninalo moja, mtu aliagiza la ukumbi halafu harusi ikavunjika. Linatoka darini hadi sakafuni, ukuta mzima.

Brashi: Dirisha lake lenyewe dogo kama daftari!

Shangazi Pazia: Nani atajua? Mgeni akiona pazia la ukuta mzima, anajua nyuma yake kuna dirisha la ukuta mzima.

Brashi: Na akitaka kulifungua?

Shangazi Pazia: Anaambiwa jua linachubua makochi.

Brashi: Makochi gani, Shangazi?

Shangazi Pazia: Yale yaliyoko kwa fundi.

Walicheka mpaka Mzee Birika akamwaga kikombe. Lakini Shangazi hakuwa anatania. Alikwenda akarudi na pazia begani, zito, la rangi ya zambarau, akalitundika kwenye kamba aliyoifunga kutoka bomba la maji mpaka bawaba ya mlango wa chumbani. Nikaingia kuangalia. Kwa kweli sebule ilibadilika. Ilikuwa kama mtu aliyeazima koti la mwanasheria.

Afande alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama yuko kazini.

Afande: Bado. Hamjui mnachokosea. Pale kwetu wanaingia mabosi kila siku, na mapokezi kuna nini? Meza moja. Kiti kimoja. Basi. Mwenye hali ya chini ndiye anayeonyesha vitu vyake vyote. Mwenye uwezo anaonyesha sakafu.

Mzee Birika: Kwa hiyo mimi ni bilionea.

Afande: Mzee, nasema kweli. Hizi ndoo zitoke. Sufuria zitoke. Sanduku litoke. Hicho kikamba cha nguo za mtoto, toa!

Brashi: Na hicho kitanda cha mtoto? Kimeandikwa "shika kwa uangalifu" ubavuni.

Afande: Ndicho cha kwanza. Nyumba ya hadhi haina mbao za kreti.

Kitanda kile mume wangu alikigonga mwenyewe kwa kreti alilopewa bandarini. Mimi nilikipiga msasa siku tatu, mwanangu akiwa bado tumboni. Nilifungua mdomo. Brashi akasema, "Usihofu, shemeji, ni mpaka jioni tu," nikaufunga.

Vitu vyangu vyote vikatolewa nje vikapangwa juu ya benchi na kando yake. Kitanda Afande alikipindua, akaketi juu yake, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa sufuria.

Afande: Sasa imebaki kitu kimoja tu. Jiwe.

Shangazi Pazia: Jiwe?

Afande: Pale kwetu juu ya meza kuna jiwe. Halizuii mlango, halisagi kitu. Limekaa tu. Siku moja nilimwuliza bosi kazi yake nini, akaniambia, "Linatuliza." Hapo ndipo nilipojua watu hawa wametuacha mbali.

Brashi: Laini au la makali?

Afande: Laini. Na jeusi kidogo.

Wote watatu wakageuka kulitazama jiko la kahawa.

Mzee Birika: Hapana! Hapana, nasema! Hilo jiwe lina ndoa yake!

Brashi: Mzee, ni mpaka jioni tu.

Likaoshwa, likafutwa mafuta ya kupikia ling'ae, likawekwa katikati ya meza. Jiko wakaliegemeza kwa kiatu cha Afande. Haikupita hata nusu saa kiatu kikaanza kutoa moshi, Afande akakivuta, na birika likalala ubavu. Kahawa yote ikanywewa na barabara.

Tulikuwa bado tunaitazama inavyotiririka, ndipo nikaona viatu vya mama mkwe vimesimama kwenye ukingo wa ile kahawa. Alikuwa na begi moja begani. Ilikuwa saa tano.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Nimewahi.

Alimpokea mtoto, akambusu utosini, akaingia ndani naye.  Brashi alinionyesha kidole gumba. Tulimsikia akitembea: hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Alipotoka, mtoto alikuwa amesinzia begani kwake.

— Panapendeza, alisema. Nimeliona hata jiwe.

— Linatuliza, mama, alisema Afande.

— Sawa. Na mjukuu wangu analala wapi?

Brashi aliangalia kucha zake zenye rangi. Shangazi Pazia alikunja ncha ya kitenge chake akaikunjua. Mzee Birika alichungulia ndani ya birika tupu. Afande ndiye aliyenyanyuka, polepole, kama mtu aliyegundua amekalia yai. Akakipindua kitanda.

Chini yake kulikuwa na kifuko cha kijani nilichokuwa nimekificha pale walipokuwa wanahangaika na jiwe. Mama mkwe alikitazama, akanitazama.

— Hiki nini?

Sikuwa na wa kunisemea.

— Nguo zake, mama. Kama utaondoka naye. Kuna na ile kofia, bila kofia hasinzii.

 Mama mkwe aliinama akapitisha kiganja kwenye mbao za kitanda, upande huu, upande ule, mpaka kwenye alama za meno mawili ya mwanangu.

— Nani kapiga msasa?

— Mimi.

— Ndani ya kona pia?

— Ndani ya kona nilitumia kidole, mama. Ili zisimchome.

Alinirudishia mtoto. Akashusha begi lake begani, akaliweka kwenye benchi katikati ya sufuria zangu. Kisha akashika kitanda upande mmoja.

— Wewe mwenye kiatu kimoja, shika huko. Na hizo nguo, mwanangu, zirudishe sandukuni.

Wakakiingiza. Mimi nikafuata, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliona nina nafasi ya kupumua, ingawa sebule ilikuwa inaanza kujaa tena. Mama mkwe alitafuta mwanga. Akashika pazia akalivuta. Ukuta. Akavuta tena. Ukuta. Akavuta mpaka mwisho, na pale pembeni kabisa, dirisha langu dogo kama daftari, na nje yake uso wa Mzee Birika.

— Samahani, mama, alisema Mzee Birika. Nimefuata jiwe langu.