Maana ya Kujikaza, kwa Faida ya Odilia na Wazazi Wenzake

Mgeni wetu rasmi, Ndugu Katibu wa Chama wa Wilaya; Ndugu Melkizedek, Mwenyekiti wetu wa Kijiji; wazee wetu, shikamooni; ndugu wananchi:

UKARIBISHO

Sisi akina mama wa darasa la kisomo cha watu wazima tunakukaribisha kijijini Nyota Njema kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kufungua ghala. Mwenyekiti alitukabidhi risala hii kwa kuwa sauti zetu zinafika mbali, akatuagiza tuseme habari za ghala. Basi tunazisema: lina bati, lina mlango, na panya wameshalifungua kabla yako. Sasa tuseme yetu.

HISTORIA

Kijiji chetu kilianza mwaka juzi, tulipoteremka kutoka milimani tukajenga nyumba kwa mstari. Siku hizi jirani akikaanga pilipili, mtaa mzima unapiga chafya. Ndiyo maana habari za Odilia, mke wa Theodory, hatukusimuliwa na mtu. Tulizisikia wenyewe kupitia ukutani.

Odilia alijifungua mtoto wake wa kwanza mwanzoni mwa mwaka huu. Bibi Ida, mkunga wetu, alilitazama lile tumbo akasema, "Huyu anahama na mizigo yake yote." Akaja kweli, dume la kichwa kikubwa, tena kwa haraka kama mtu anayewahi baraza. Bibi Ida alimfuta mtoto, akamgeukia mama. Odilia alikuwa amechanika vibaya, kutoka njia ya mtoto mpaka njia ya haja kubwa. Bibi Ida hakujitia ujuzi asiokuwa nao. Alisema, "Hili si la majani, wala si la mikono yangu. Mpelekeni." Wanaume wakambeba kwa machela mpaka barabarani, lori la mbao likamfikisha hospitali ya misheni, akashonwa.

Ndugu mgeni rasmi, tunaona unatazama viatu vyako. Ni viatu vizuri. Vumilia kidogo, nawe ulizaliwa.

MAFANIKIO

Redio imetufundisha kwamba mtu ni afya, nasi tumeshika. Mafanikio yetu makubwa ni Theodory. Anateka maji mwenyewe, anayapasha moto, anatia chumvi na kumwekea mkewe beseni akae humo. Anampikia uji na kumtafutia mapapai ili choo kisiwe kigumu. Wenzake walimwambia kilabuni, "Theodory, siku hizi umeolewa." Akawajibu, "Nimeolewa, na nimepata nyumba nzuri."

Odilia naye amepiga hatua, ingawa ndogo ndogo. Aliporudi alitembea kama anayevuka matope, na kukaa ni kwa upande mmoja, akibadilisha kila mara. Siku ya kwanza ya kwenda haja kubwa aliogopa kuliko siku ya kuzaa. Tulisimama nje ya choo tukimwimbia, na alipotoka salama tulipiga vigelegele, watu wa mtaa wa pili wakaja wakidhani ni harusi.

Kilichomtesa zaidi ya maumivu ni upepo, uliokuwa ukitoka bila kuomba ruhusa. Siku moja darasani mwalimu aliuliza swali, upepo ukatangulia, na mwenzetu Letisia akasema, "Mwalimu, hilo ndilo jibu." Odilia alicheka pamoja nasi. Lakini kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Ni mwanamke mwenye haya, na anaogopa kwamba atabaki hivyo maisha yake yote. Basi tukahamishia darasa uani kwake, na sasa anasoma akiwa amelala ubavu, na imla anatushinda.

MATATIZO

Nesi alimpa Odilia masharti alipotoka hospitali: asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake, asiguse jembe mpaka arudi kutazamwa, na kila siku ajikaze. Kujikaza huko alimweleza vizuri. Alale chali, aikaze misuli ya huko chini kama mtu aliyekaa mbele ya mkwe huku upepo unabisha hodi, ashikilie kidogo, alegeze, arudie. Hiyo ndiyo dawa ya kurudisha mlinzi mlangoni.

Wiki iliyopita Theodory akaenda kutoa taarifa kwa Mwenyekiti, ili mkewe asipangiwe kazi shambani. Sasa, Ndugu mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu ni mjomba wake Odilia, yaani ni mkwe wa Theodory, na kwa mila zetu mkwe hatajiwi mambo ya chini ya kitovu. Kwa hiyo Theodory alisimama mbali, akainamisha kichwa, akafupisha.

"Shikamoo, baba. Nesi amesema mke wangu ajikaze."

"Marahaba. Nesi huyo ana siasa safi," Mwenyekiti akasema. "Jumatatu aje kujikaza kwenye shamba la ujamaa."

Theodory hakuweza kuongeza neno. Odilia naye hajawahi kumkatalia mjomba wake. Jumatatu hii alishika jembe pamoja nasi, tukimsihi arudi, yeye akisema mjomba akimwona amekaa atamwita mvivu. Tuta la kwanza alilimaliza. La pili alisimama katikati, akatuambia polepole, "Kuna kitu kimeachia." Tuliona damu. Bibi Ida alimtazama akasema mshono umefumuka kidogo, na kwamba akiwahi hospitali atapona, akichelewa kidonda kitaharibika na hofu yake itakuwa kweli. Lori la mbao halijapita tena tangu siku hiyo.

Mwenyekiti alikuwa hajui haya. Ameyajua sasa hivi, pamoja nawe, na tunaona anatafuta kitambaa cha kujifutia jasho. Mjomba, hatukulaumu. Uliambiwa nusu ya habari, na nusu ile ilikuwa tamu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba Chama kitamke leo, mbele ya watu wote, kwamba mzazi aliyeshonwa hashiki jembe mpaka nesi aseme, na asiitwe mvivu. Kilimo tunakipenda, lakini wakulima nao huzaliwa.

Pili, tunaomba neno kujikaza lipewe maana rasmi katika kijiji hiki. Mafunzo tutatoa sisi wenyewe, na wazee wa kiume wanaoamka mara nyingi usiku wanakaribishwa. Kazi yenyewe haina kelele. Tuliosimama mbele yako tunaifanya hivi sasa, na hujaona kitu.

Tatu, usafiri wa Odilia kwenda hospitali. Hili, Ndugu mgeni rasmi, tulitaka kuliomba, lakini tukahofia kwamba maombi huenda wilayani na majibu hukawia. Kwa hiyo wakati risala hii inasomwa, Odilia amelazwa ubavu kwenye kiti cha nyuma cha Landrova yako, mtoto kifuani, na Bibi Ida kando yake. Theodory amekaa mbele na beseni mapajani. Dereva wako hana kosa lolote. Tulimwambia umekwishakubali.

HITIMISHO

Mungu ambariki mama aliyekuzaa, akubariki na wewe uliyetusikiliza mpaka mwisho bila kukimbia. Hotuba yako tunaisubiri kwa hamu, ila tunaomba iwe fupi sana, kwa sababu injini inawaka.

Ni sisi, akina mama wa darasa la kisomo,
Kijiji cha Ujamaa Nyota Njema, Kilosa.