Titi Moja, Uwanja Mmoja

Sogeeni, wanangu, Noemi huku mkono wa kulia, na wewe Artan hapa panapoingia mwanga wa ziwa, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha maneno tu, haitoshi mabishano.

Noemi, nilikuzaa katika mji huu wa Pogradec nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mwaka wa tatu tangu mimi na baba yako Edson tutoke Brazili kuja kuanzisha klabu ya mpira ya vijana ya kanisa letu dogo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea ugenini, bila mama wala shangazi wa kunipokea mtoto, ni kazi juu ya kazi. Ulilala ndani ya mfuko wa mipira kando ya mstari, umefunikwa koti la baba yako, na asubuhi ukungu wa ziwa uliposhuka uwanjani nilikuwa siwaoni wachezaji, nasikia vishindo vya miguu tu, kana kwamba malaika wanafanya mazoezi, mara mvulana mmoja anachomoza, anakuchungulia, ananiuliza, "Mama Kocha, na huyu umeshamsajili?" kisha anamezwa tena na weupe ule. Siku hizi nikifumba macho nimo humo humo, sijui mazoezi yanaanza au yamekwisha.

Artan, baba yako Zenel, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, hakututaka. Alinisimamisha langoni akasema, "Mpira wenu una ndoana ndani. Mtoto akiudaka, mnamvuta kanisani." Nilicheka. Hakuwa amekosea sana.

Kisha ukaja mwaka ule nchi ilipovunjika, bunduki zikazagaa kama mikate, na wageni wakaambiwa waondoke. Edson alikataa. Alisema wavulana wanakuja uwanjani kila siku kwa sababu ndipo mahali pekee wanapopewa kitu kisichoua. Tukabaki. Maduka yakafungwa, maziwa ya kopo yakaisha, na hofu ikanikausha kifua. Siku mbili, Noemi, ulilia mpaka sauti ikapotea, ukawa unafungua kinywa tu kama samaki. Ndipo Drita, mke wa Zenel, akavuka barabara risasi zikilia, wewe Artan ukiwa mgongoni, akanipokonya mtoto.

"Dada Ivonete, acha kulia, nishikie huyu wangu," akasema. "Mungu kanipa matiti mawili, na huyu mlafi hawezi kuyamaliza yote."

Akakunyonyesha, Noemi, wiki saba. Na Zenel, yule yule wa ndoana, alisimama mlangoni kwetu na bunduki yake mpaka mkewe alipomaliza, kila mara, bila kutuamkia.

Sasa sikieni ubaya wangu, kwani ulimi hauna mfupa, na kalamu nayo haina. Niliwaandikia waumini wa nyumbani Brazili kwamba familia ya Zenel imeokoka. Sikuambiwa na mtu; niliona habari itapendeza. Kiangazi kilichofuata wakaja wageni kutoka huko, wakamkuta Zenel mkahawani kati ya wazee wenzake, wakamkumbatia: "Ndugu yetu katika Kristo!" Mkalimani akatafsiri. Mkahawa mzima ukacheka.

Alikuja kwangu mweupe kama chokaa. "Mke wangu kampa mwanao titi, wewe umeandika tumeiacha dini yetu? Kweli fadhila ya punda ni mateke." Akafunga lango lake. Na wewe, Noemi, ulipokua ukauliza mbona Artan haji kwetu, nikakwambia watu wa nyumba ile wana roho mbaya. Uliamini. Umewachukia miaka kwa uongo wangu.

Miaka kumi na mmoja ilipita ndipo Drita, Mungu amrehemu, akamleta Artan uwanjani kwa mkono wake. "Mume wangu hajasamehe," akaniambia. "Mimi nimechoka kungoja." Nilitaka kupiga magoti, akaniambia niangalie mpira.

Basi uwanja na nyumba hii nawaachia nyote wawili, hati iandikwe majina mawili, kwa kuwa mlinyonya titi moja na ndugu hawagawani mstari wa katikati. Salini kabla ya mechi kama tulivyosali, na asiyetaka kusali afunge viatu vyake kwa amani. Msihesabu roho za watoto kama magoli. Barua yangu ya toba iko chini ya mto huu ninaolalia. Noemi, kaisome mkahawani, mchana, wazee wakiwapo wote, kwa sababu aibu ya barazani haiombewi radhi jikoni.

Maji kidogo... basi, yanatosha.

Mungu awape miguu isiyochoka, na mioyo... mioyo isiyoona haya kurudi. Mbona chumba kimejaa weupe? Hapana, usifunge dirisha. Artan, nani anakohoa pale nje ya mlango? Nenda kamtazame. Kama ni baba yako, mpe kiti. Kama siye... mpe kiti vilevile.