Mabakuli Matatu ya Lusia

Kijiwe chetu kilikuwa benchi moja tu: ubao wa kreti lililoleta vyuma vya trekta, nimeulaza juu ya mawe mawili mbele ya stoo ya posho iliyofungwa, hapa Nachingwea. Mimi Mikidadi ndiye niliyekuwa nauza kahawa. Sikukaa benchini, nilikaa kwenye kigoda changu nyuma ya buli, na kutoka hapo nimesikia upuuzi mwingi kuliko hakimu yeyote. Mwaka huo wa hamsini na moja kazi ya karanga ilikuwa imeanguka, trekta zimepangwa uwanjani zinaota kutu, na watu wanashinda na barua zao za kuachishwa kazi mfukoni. Wateja wangu wa kila siku walikuwa watatu. Swalehe tulimwita Gia, kwa sababu aliendesha trekta na mpaka leo akiongea mkono wake unabadilisha gia hewani. Yunusi fundi cherehani tulimwita Uzi, maana maneno yake yalikuwa hayafiki kwenye fundo. Wa tatu alikuwa Kornel, tukimwita Mizani. Ndiye aliyepima posho za watu katika stoo hiyohiyo iliyokuwa nyuma yetu, na katika sisi wanne ndiye peke yake Mkristo.

Ijumaa hiyo zilibaki siku nne tu Krismasi ifike. Sisi tumetoka msikitini, nimekwisha kumimina mzunguko wa kwanza, na mwisho wa benchi amekaa mgeni mmoja wa Marambo, jina lake Ausi, na furushi lake la ufuta, anasubiri lori la Ruangwa. Kornel akaja na kadi yake ya zamani ya posho. Nyuma ya kadi alikuwa ameandika kwa penseli.

— Nisikilizeni, akasema Kornel. Krismasi nimeshaipanga.

— Tupe, akasema Gia. Mimi trekta langu limelala, sina haraka.

— Watoto wanne na mimi. Mchele ninao vibaba viwili. Jogoo mmoja, nazi moja. Kunde zipo, muhogo upo. Asubuhi uji wa mtama, hauna sukari. Ile robo ratili ya sukari naiweka kwa chai ya jioni. Mchana watoto wanakula wali na jogoo. Usiku muhogo na kunde. Kesho yake mifupa inatoa supu, wanalia ugali. Hapo watoto watajua kweli ilikuwa sikukuu.

— Na wewe wali wako uko wapi hapo? nikamuuliza.

— Mimi nitakula muhogo, Mzee Mikidadi. Naupenda.

— Tangu lini? akasema Uzi. Mwaka jana umekula sahani mbili za wali mbele yangu, nikaogopa kifungo cha suruali niliyokushonea.

Kornel akatabasamu kidogo, akageuza kadi.

— Bado mabakuli, akasema.

Hapo sote tukatazama vikombe vyetu. Niseme wazi, maana mgeni hawezi kujua. Kwetu ikifika Idi, nyumba ya Kiislamu inajaza bakuli la pilau inalipeleka kwa jirani Mkristo. Bakuli hilo halirudi siku hiyo, wala halirudi tupu. Linakaa kule mpaka sikukuu yao, ndipo lije limejaa. Anayelipokea ni mwanamke mwenye nyumba, kwa mikono miwili, mlangoni pa jiko lake. Miaka tisa tumefanya hivyo na nyumba ya Kornel, na kila Krismasi Gia alikwenda alfajiri kumchinjia kuku wake kwa Bismillahi, ili na sisi tule. Idi Kubwa ya mwaka huo wake zetu walipeleka mabakuli matatu. Lusia, mke wa Kornel, aliyapokea amekaa mkekani, kwa sababu kusimama alikuwa hawezi tena. Mwezi wa kumi tukalibeba jeneza lake mpaka misheni.

— Matatu, akaendelea Kornel. Na si madogo. Kila moja linakula vibaba viwili vya mchele ndipo lionekane limejaa. Hivyo ni vibaba sita. Jogoo atagawanyika. Nimeuliza dukani, nikipeleka mahindi pishi tatu wananipa mchele vibaba sita.

— Mahindi yapi? akauliza Uzi.

— Yale ya juu ya moshi.

Mahindi ya juu ya moshi ni mbegu. Unayaning'iniza na maganda yake juu ya mafiga tangu mavuno ili mdudu asiyaguse, na huyagusi hata njaa ikuume namna gani. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili, watu wiki hiyo wanapanda. Kornel kazi hana, na pishi tatu hizo ndizo mbegu zake zote. Akizipeleka dukani, mwezi wa tano watoto wake watakwenda shambani kuvuna majani.

Lakini utamwambiaje? Utamwambia mwanamume mbele ya watu kwamba hawezi kurudisha mabakuli aliyopokea mkewe marehemu? Mimi sikuweza. Wenzangu nao hawakuweza, basi wakaanza kumpangia Krismasi yake.

— Mchele huuhitaji wote huo, akasema Gia, mkono ukaingia gia ya kwanza. Mambo ni mchuzi. Twanga karanga, tia kwenye mchuzi, ongeza maji. Jogoo mmoja anafika nyumba nne.

— Mchuzi haujazi bakuli la wali, akasema Kornel.

— Basi nisikilize mimi, akasema Uzi. Chini unapanga muhogo uliochemshwa, mpaka nusu. Juu unafunika wali. Kama koti la mitumba ninavyolifanya, kitambaa kipya kola tu, na watu wanasifu.

— Watakapofika kwenye muhogo je?

— Wameshiba!

— Na nyama? akadakia Gia, gia ya pili sasa. Kichwa cha jogoo unakisimamisha katikati ya wali, kinachungulia. Kila anayefunua kawa anajua mwili uko chini. Jirani hana tabia ya kufukua.

— Kichwa ni kimoja, mabakuli matatu.

— Basi kitembee! Kianze kwangu, nikikiona nakituma kwa Yunusi.

Kornel akacheka, akapangusa macho. Nilifurahi kumwona anacheka, halafu nikaona kwamba anapangusa muda mrefu mno.

— Jamani, akasema Uzi, sisi tunahangaika bure. Dawa ni tarehe. Nani aliyesema Krismasi ni Jumanne?

— Padri, akasema Kornel.

— Na padri kaambiwa na nani? Wazungu wenzake. Wazungu haohao walitwambia ardhi hii itatoa karanga za kulisha dunia nzima. Tumeziona? Watu waliokosea karanga wameshindwa nini kukosea tarehe? Ipeleke Krismasi yako mwezi wa tano. Mahindi yamekomaa, kunde mbichi, maboga. Mtoto anazaliwa nyumba ina chakula.

— Tena hata mama yake angependa, akasema Gia.

— Uzi, akasema Kornel taratibu, siku ya Bwana siwezi kuisogeza. Lakini ahsante.

Nikamimina tena. Buli lilikuwa limeanza kuwa jepesi. Hapo Gia akanitupia jicho, nikajua kuna jambo amelifikiri, na kwa bahati mbaya nikalielewa kabla hajalisema.

— Lakini, Mizani, akasema, mkono wake umetulia gotini. Hayo mabakuli matatu umeyahesabu vizuri? Maana mimi kwako sina bakuli.

— Huna?

— Sina. Idi ile mke wangu Sabaha alipeleka pilau kwenye jani la mgomba. Nakumbuka, bakuli lilikuwa limetoboka.

— Ee, akasema Uzi haraka, hata langu. Langu lilirudi jioni ileile. Mke wangu Mwanaima analichotea maji mpaka leo.

Wakanitazama. Bakuli langu nilikuwa nalijua vizuri, la bati jeupe, ukingo wa buluu, limebanduka rangi upande mmoja kwa sababu nililiangusha mwenyewe. Mke wangu Mwantumu alikuwa ameniuliza habari zake juzi tu.

— Mimi langu limeibwa, nikasema. Tangu Ramadhani.

Nilidhani tumemsaidia. Wallahi nilidhani hivyo. Mabakuli yakikosa wenyewe, deni hakuna, na mbegu zinakwenda shambani. Kornel aliitazama kadi yake, akatutazama sisi mmojammoja, akaikunja kadi mara mbili. Uso wake haukuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Ndipo Ausi, yule wa Marambo, akakohoa. Tangu aje alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu.

— Samahani wazee wangu. Mimi mpita njia. Nauliza tu, hayo mabakuli matatu yaliyoko kwa huyu bwana, basi ni ya nani?

Uzi alitafuta kitu mfukoni, akakikosa. Gia alikinywa kikombe ambacho kilikuwa kitupu. Mimi nikapangusa buli, na lilikuwa safi.

— Hilo ndilo na mimi nataka kujua, akasema Kornel. Maana yapo. Yamefunikwa juu ya kichanja. Lusia siku hiyo alikuwa hali, hanywi. Alisikia hodi ya wake zenu, akaniambia niinue mgongo wake. Nikamwinua. Akanyoosha mikono, akapokea moja, la pili, la tatu. Akaniambia, Kornel, yaweke juu, watoto wasiyavunje, Krismasi nitayarudisha mwenyewe. Hakusema tena habari ya Krismasi. Ndiyo kazi aliyoniachia, na hakuniachia nyingine. Sasa nyie mnaniambia hakupokea kwa mtu.

Nilitamani ardhi inifunike. Tulikuwa tumemnyang'anya marehemu majirani zake.

— La bati, nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya. Lenye ukingo wa buluu, limebanduka. Ni langu, Kornel. Nimesema uongo.

— La kijani ni la Sabaha, akasema Gia.

— La maua ni letu, akasema Uzi, safari hii kwa kifupi.

Kornel akaitikia kwa kichwa, kila bakuli mara moja, kama alivyokuwa akithibitisha posho za watu. Kisha akasimama.

— Swalehe, utakuja kuchinja?

— Nitakuja, ndugu yangu. Alfajiri.

Akaondoka kuelekea nyumbani kwake. Baadaye kidogo tulimwona akipita kwenda dukani, gunia begani. Nilitaka kummiminia Ausi kikombe cha mwisho, nikakuta buli limebaki machicha. Lori likaja, akapanda na furushi lake, na hakutuaga.

Krismasi mchana mabakuli yalifika. Langu lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, wali wa nazi, juu yake paja la jogoo. Sijui nazi moja aliivutaje ikatosha nyumba nne. Mwantumu alifunua kawa, akakaa chini, akalia. Tukala. Tuliumaliza wote kwa sababu kuubakiza ilikuwa dhambi kubwa zaidi, na ulikuwa mtamu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake mvua ikanyesha tangu alfajiri. Mwantumu alishusha mahindi yetu ya juu ya moshi, akayapukuchua, akajaza bakuli lile la buluu mpaka likawa na kichuguu, akanipa. Nilipofika kwa Kornel, nikamkuta Uzi uani na bakuli la maua, koti amelifunika juu yake, yeye mwenyewe ameloa. Gia akaja nyuma yangu na lile la kijani. Hatukuwa tumepatana. Yote matatu yalikuwa na mbegu.

— Hodi, nikasema mlangoni pa jiko.

Kornel akatokea. Akayaona mabakuli, akaona kilichomo. Tukasimama hivyo. Mikono yetu mbele, mikono yake imening'inia. Mimi nilijua alichokuwa akikifikiri, kwa sababu na mimi ndicho nilichokifikiri. Katika nyumba hiyo hapakuwa na wa kupokea. Ndani watoto wakatutazama.

— Bakuli halirudi tupu, akasema mwisho. Na mimi sasa nitayarudisha lini?

— Hatujui, akasema Uzi.

Kornel akatazama pembeni ya mlango. Mkeka wa Lusia ulikuwa bado pale, umekunjwa. Akaukunjua, akaupangusa kwa kiganja. Akakaa alipokuwa akikaa mkewe, mgongo ukutani, akanyoosha mikono yote miwili.