Mtungi wa Joab Wafika Nairobi

BETHWEL: Haloo? Nani huyo? Hapa ni kwa duka ya Wachira, Kapsoit.

CHELANGAT: Chamgei, mzee. Ni bibi yako, niko Nairobi. Uko peke yako?

BETHWEL: Wachira anapima sukari hapa. Ilifika?

CHELANGAT: Ilifika! Nimepakata ule mtungi wa baridi wa Joab kutoka Kericho kama mtoto—

BETHWEL: Punguza sauti, mama!

CHELANGAT: Mwanaume mzima anaogopa kuingia hospitali na kikombe, anatuma mbegu zake kwa mtungi wa ng'ombe!

BETHWEL: Joab ni mtu wa A.I., kupandisha ng'ombe kwa sindano. Mbegu ya fahali inatoka ng'ambo na inafika hapa ikiwa hai. Yangu ina nini?

CHELANGAT: Ya fahali huchanganywa kwanza na kiini cha yai na dawa. Yako mliigandisha hivyo hivyo. Bosibori wa maabara alicheka mpaka akakaa chini.

BETHWEL: Ati mwanamke ndiye aliona... yangu?

CHELANGAT: Si ndiyo kazi yake? Ingekuwa mbichi angeiosha, aizungushe kwa mashine, achague zile zinaogelea vizuri, nami niwekewe leo leo.

BETHWEL: Kwa hivyo baridi imeziua.

CHELANGAT: Bethwel, sikiza—

BETHWEL: Basi, kosa ni ya Joab. Lakini mama yangu hangoji. Jumamosi anaenda Boito kuniombea yule msichana awe bibi wa pili. Amechoka na wewe.

CHELANGAT: Na wewe? Umechoka na mimi?

BETHWEL: Laini inakwaruza...

CHELANGAT: Haikwaruzi! Sarafu zinaisha. Bosibori aliyeyusha ile kitu, akaangalia kwa darubini.

BETHWEL: Na zilikuwa zimekufa. Umesema.

CHELANGAT: Ni wewe umesema. Baridi inaua, mzee, lakini haiziki. Ametafuta hata maiti moja, akarudia. Hakuna.

BETHWEL: Hakuna... Wachira, zima hiyo redio! Hakuna nini?

CHELANGAT: Hakuna kitu. Maji tu. Anataka uje mwenyewe, apime tena.

BETHWEL: Chelangat.

CHELANGAT: Miaka yote mama yako ananiita jiwe, ati sizai. Na wewe unakunywa chai tu, umenyamaza.

BETHWEL: Usimwambie. Tafadhali.

CHELANGAT: Utamwambia wewe, kabla ya Jumamosi. Ama unataka huyo msichana wa Boito naye aanze kubeba mtungi—

[Laini inakatika.]

BETHWEL: Haloo? Chelangat? Haloo?... Hapana, Wachira, hakuna shida. Anasema tu Nairobi kuna baridi.